Alama Mkononi mwa Mama

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta juu ya bodaboda nikikaribia Kibugu. Nimefika kwa mama nimelowa chapachapa, lakini chupa ya dawa nilikuwa nimeificha kifuani, haikuguswa na tone. Ni zile kapsuli za kahawia anazouza mchuuzi mmoja, Njoka, pale soko la Runyenjes, mkabala na nyumba ninayopanga. Ni miti shamba tupu, anasema. Mwaka jana mama alikuwa hawezi kukunja vidole ashike kikombe. Leo, mwezi wa nane wa dawa, nimemkuta akipalilia maharagwe huku akiimba wimbo wa kanisa.

Furaha yangu imeharibika alipokunja mkono wa sweta ili anawe. Kutoka kiwiko kushuka alikuwa na mabaka matatu ya zambarau, damu iliyovilia chini ya ngozi.

"Maitu, hii ni nini?"

Kabla mama hajafungua mdomo, Nkirote akajibu kutoka jikoni. "Amejigonga kwa mlango, Mwalimu."

"Nimeuliza mama."

"Ni mlango," mama akasema.

Nkirote ni mke wa kaka yangu Njeru. Njeru mwenyewe amepanga chumba Majengo, Meru mjini, anachomelea mageti na madirisha, na hurudi mwisho wa mwezi. Binti yao Kendi yuko chuoni. Kwa hivyo nyumbani wako wawili tu, mama na mkamwana wake. Nimerudi Runyenjes nikijiuliza kwa nini mtu ajibu swali ambalo hakuulizwa.

Jumapili, 23 Machi

Nimekwenda kusali na mama. Wanawake walimzunguka nje ya kanisa. "Teresia, unalishwa nini siku hizi? Angalia mashavu!" Kweli uso umejaa, umekuwa wa mviringo na mwekundu kidogo. Lakini nilipomshika apande ngazi, nilihisi mkono mwembamba kama mti wa kuegemezea maharagwe. Nkirote hakuja kanisani. Alisema ana homa.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Insha arobaini za Kidato cha Tatu. Nimempigia mama mara tatu na mara zote simu imeshikwa na Nkirote. "Analala, Mwalimu." Saa kumi mchana? Mama hajawahi kulala mchana maisha yake yote.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tu.

Jumamosi, 29 Machi

Gauni la mama la buluu, nililomshonea Krismasi, linaburuta matopeni. Desemba lilikuwa likiishia kwenye vifundo vya miguu. Nilidhani mshono umeachia, nikalipima mabegani, liko vilevile. Ni mama aliyepungua. Mgongo umepinda, na rafu ya sukari aliyokuwa akiifikia sasa anaitazama tu.

Nilipitia kwa Alice, jirani ambaye shamba lake la chai limepakana na letu. Alikuwa akichambua majani kabla ya kuyapeleka kupimwa.

"Mwalimu, mimi sitaki maneno," alisema, kisha akayatafuta. "Lakini huyo Mama Kendi, ungesikia vile anapigia mzee kelele asubuhi kabla kupambazuke. 'Rudi ndani! Nimesema rudi ndani!' Mtu na mama mkwe wake. Kwetu tungesema nini?"

"Umewahi kumwona akimpiga?"

"Kuona sijaona." Akatikisa kikapu. "Lakini hayo makelele ni ya nini?"

Sikulala vizuri. Nkirote alitoka kwao Imenti, Meru, akiwa msichana mdogo, na mama ndiye aliyemfundisha kuchuma chai. Binadamu hubadilika.

Jumanne, 1 Aprili

Mama amevunjika mkono.

Nkirote alinipigia nikiwa darasani. "Ni sufuria, Mwalimu. Ameinua tu sufuria ya githeri, mkono ukalia kwaa. Ata hakuanguka." Niliomba ruhusa nikakimbia. Kwenye kliniki walikuwa wamekwisha kumfunga plasta. Mhudumu alisema wazee mifupa yao hukauka, akaita mgonjwa mwingine.

Nilimtoa Nkirote nje nikabaki na mama.

"Niambie ukweli."

Mama aliutazama mlango kwanza. Halafu ndipo akasema, "Ni sufuria."

Mtu aliyevunjwa na sufuria anatazama mlango kwa nini?

Ijumaa, 4 Aprili

Tumefunga shule. Nimempigia Njeru.

"Unajua bibi yako anafanya nini huko nyumbani?"

"Anachunga mama yetu, na anachuma chai ya mama yetu. Wewe unafanya nini?"

Akakata simu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimehamia Kibugu kwa likizo yote. Nimemwambia Nkirote nimekuja kusaidia. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Karibu, wifi," na kunitandikia kitanda.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemfumania Nkirote. Nilikuwa nimesimama kando ya ghala, yeye hakuniona. Alifungua chupa ya dawa ya mama, akamwaga kapsuli mbili kiganjani, akazinusa, akazifunga kwa kitambaa na kuzificha ndani ya blausi. Chupa akairudisha mahali pake kama hakuna kitu.

Anaziiba? Anabadilisha? Anamwekea nini mama? Leo chakula chote nimepika mimi, na mama hakula mbele yake.

Jumanne, 8 Aprili

Nimefanya lililobaki kufanywa. Nimekwenda kwa naibu wa chifu nikaandikisha malalamiko: mabaka ya damu, mkono, mgongo, kelele za alfajiri, dawa iliyoibwa. Aliandika polepole kwenye kitabu kikubwa. Penye mshukiwa akaandika jina la Nkirote.

Aliitwa akaja na gambuti za shambani, maji yakimchuruzika. Aliposomewa alisema neno moja tu: "Mimi?"

Mama, niliyekuwa nimekuja naye, alianza kulia. "Hajanigusa. Huyu msichana hajanigusa."

"Anaogopa," nikasema. "Wanaishi wawili. Angesema nini?"

Naibu wa chifu akaamua Nkirote aende kwao hadi Njeru atakaporudi, ukoo ukae. Alikunja nguo zake kwenye mfuko mmoja. Langoni alinigeukia.

"Sasa mtakuwa wawili tu, Mwalimu. Mchunge."

Nililichukua neno hilo kama tishio.

Alhamisi, 10 Aprili

Nyumba imetulia. Uji wa wimbi asubuhi, mchicha na ugali mchana. Mama hasemi nami ila kwa kuomba maji.

Jumamosi, 12 Aprili



Jana jioni nilimwogesha mama. Alipomaliza nilimshika mkono usiovunjika, juu ya kiwiko, nikamwinua kutoka kwenye kigoda. Sikumvuta. Nilimshika kama ninavyoshika yai.

Asubuhi hii nilipomvua sweta nikaona mabaka mapya. Manne upande mmoja, moja kubwa upande wa pili. Nilitaka kupiga kelele kwamba Nkirote amerudi. Kisha nikaweka mkono wangu juu yake, kidole kimoja kimoja. Vikatoshea. Hata kile kidogo changu kilichopinda tangu utotoni kilikuwa kimeacha alama yake iliyopinda.

Nilikaa chini sakafuni.

"Maitu, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Wewe ulitaka jibu lingine."

Ndipo akanieleza yote, kwa sauti ya mtu aliyechoka na mimi. Tangu mwaka jana usingizi umemkataa. Akiamka na giza mwili unamwambia alime, naye huchukua jembe na kutoka kwenye mvua, na Nkirote humkimbilia akimpigia kelele arudi ndani. Mchana huanguka usingizi kama mtoto. Siku ya sufuria Nkirote alikuwa amemkataza kuinua chochote kizito, naye hakutii. Aliutazama mlango kwa sababu ya aibu.

"Na kanisani? Mbona hakuja?"

"Alikuwa na homa, Ciakuthii. Watu huwa na homa."

Nilimpigia Gedion, mwenzangu anayefundisha biolojia. Sikumweleza yote, nilimweleza mwili tu. Akaanza kuuliza.

"Uso umejaa?"

"Ndiyo."

"Mikono na miguu imekonda? Ngozi nyepesi kama karatasi?"

"Ndiyo."

"Anatumia dawa gani?"

"Ya miti shamba. Ya viungo."

"Na ni nani anamletea?"

Wakati huo nilikuwa naitazama ile chupa dirishani. "Mimi," nikasema.

Alinieleza kwamba ziko dawa kali za hospitali ambazo watu husaga na kuziuza kama miti shamba. Zinaondoa maumivu haraka, lakini zikitumiwa miezi mingi zinakula mifupa. "Mimi si daktari," alisema. "Mpeleke hospitali, na uende na hiyo chupa."

Nilisikia nusu ya maneno yake. Nilibeba chupa hiyo na nyingine mpya, nikazimwaga zote chooni. Nilisimama hapo nikihema, nikidhani nimemwokoa mama.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua imebomoa barabara pale kwenye kalavati la mto. Bodaboda hazipiti. Hospitali ya Embu ni kesho.

Jumatatu, 14 Aprili

Bado hazipiti. Mama anasema viungo vimerudi kuuma. Amekataa uji. Nimemwambia ni dawa mbaya inatoka mwilini.

Jumatano, 16 Aprili

Sijui niyaandike vipi ya jana, ila nitayaandika kama yalivyokuwa.

Alfajiri mama alitapika, na alipomaliza akatapika tena pasipo kitu tumboni. Alikuwa wa baridi, jasho likimtoka kama maji ya paa. Nilimwinua akashindwa kusimama. Akaniita Veronicah, jina la dada yake aliyekufa nikiwa mdogo.

Njeru hakushika simu. Nilibaki na namba moja ya mtu aliyeujua mwili wa mama. Niliipiga nikiwa na hakika hatapokea. Alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Anatapika? Hawezi simama?" Nkirote aliuliza. "Mwalimu, umetoa ile dawa?"

"Nilimwaga. Jumamosi."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Mimi niliificha mwezi wa pili, siku mbili tu. Akakuwa hivyo. Nikaogopa nikairudisha. Mpeleke saa hii, usiningoje. Mwambie daktari ameachishwa ghafla, usisahau hiyo neno. Mimi niko na mbili kwa kitambaa, nakuja nazo Embu."

Alice ndiye aliyeita wanaume. Walimbeba mama juu ya kiti cha sebuleni, wanne, matope yakiwafika magotini, hadi upande wa pili wa kalavati. Lori la majani chai lilikuwa limekwama hapo likisubiri. Dereva aligeuza bila kuuliza swali. Mama alilazwa juu ya magunia matupu, kichwa mapajani pangu, nami nikamsemesha njia nzima ili nisikie kama anajibu.

Hospitalini daktari alikuwa msichana, Daktari Ntinyari, labda mwanafunzi wangu wa zamani angekuwa na umri wake. Nilisema lile neno: ameachishwa ghafla. Uso wake ulibadilika. Walimtundikia maji na kumchoma sindano hapohapo. Kabla ya saa sita mama alikuwa amenitambua.

Nkirote alifika saa nane, na kile kitambaa. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akamfunika mama miguu, kisha akaziweka kapsuli mbili kwenye kiganja cha daktari.

Leo asubuhi Daktari Ntinyari ametukalisha wote wawili na picha ya eksirei. Pingili mbili za uti wa mgongo wa mama zimebonyea, moja imekuwa bapa kama mkate uliokaliwa. Hazitasimama tena.

"Kapsuli zitapimwa," alisema, "lakini dalili zote ni za steroidi. Na si kwamba ni sumu. Mwili wenyewe hutengeneza homoni ya namna hiyo, kidogo kidogo. Ndani ya seli kuna kitu kinachoingoja, tunakiita kipokezi. Homoni ikikishika, vinaingia pamoja hadi kwenye kiini cha seli, pale maagizo yote yanapokaa, na kipokezi kinaanza kutoa amri. Hii iwashwe, hii izimwe."

"Na kwa mfupa?" Nkirote aliuliza.

"Mfupa unajengwa na kubomolewa kila siku, mama. Kuna seli fundi na kuna seli za kubomoa. Dawa ikizidi, kipokezi kinawaamuru mafundi waache kazi, wengine wanakufa, na fundi wapya hawakomai. Wabomoaji wanaendelea. Ni hivyo miezi minane." Akaelekeza kalamu kwenye ile pingili bapa. "Na tezi inayotengeneza homoni ya mwili ikiona imejaa, inalala. Ukiondoa dawa siku moja, mwili unabaki bila kitu. Ndiyo maana alianguka. Tutampunguzia polepole, wiki kwa wiki."

Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na tisa. Neno hilo, kipokezi, sijawahi kulihitaji. Nilikuwa nimekaa karibu na Nkirote kiasi cha kuhisi joto la bega lake, na sikuweza kumtazama.

Kwenye ukumbi nilimuuliza, "Kwa nini hukuniambia kuhusu dawa?"

"Ningekuambia nini? Wewe ni mwalimu, na ni wewe uliileta. Mimi ni mtu wa kuolewa. Ungesema namnyima mamako dawa." Akafunga kitenge vizuri. "Ata mimi nilikuwa nakushuku. Nilikuwa najiuliza, huyu anataka nini na hii chupa kila mwezi?"

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mama ameketi, ameomba chai yenye maziwa mengi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mama ameruhusiwa kutoka. Tuna vidonge vya kupunguza dozi, vya kalsiamu na vya vitamini D. Daktari anasema vitamini hiyo nayo ina kipokezi chake cha kuamuru mifupa. Nkirote alilala na mama usiku sita hospitalini, na leo tulipofika langoni hakuingia. "Nilikuja kwa mama. Sikukujia wewe." Akarudi kwao Meru. Njeru amechukua ruhusa kazini, anapika yeye.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumefungua shule. Nimeingia darasani na kitabu cha darasa lingine.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda kwa Njoka. Kwa wiki mbili nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, na nilikuwa nimekwisha kumpa afisa wa afya jina lake. Nilimkuta kwenye kibanda chake, ameinama akifunga maboksi.

"Uliweka nini ndani?"

"Miti, Mwalimu. Mimi nanunua ikiwa tayari, kuna mtu hupita na gari. Nauza vile ameniletea."

"Mama yangu nusura afe."

Alinyanyua uso, na ndipo nikamwona. Nimenunua dawa kwa mtu huyu miezi minane na sijawahi kumtazama. Mashavu yamejaa, mekundu, ya mviringo. Shingo imenenepa nyuma. Mikono inayofunga maboksi ni myembamba, na juu yake mabaka ya zambarau.

"Wewe unaitumia?"

"Mgongo," alisema. "Mwaka wa pili sasa. Si ni nzuri?"

Nilivuta debe nikakaa. Nilimweleza habari za mifupa, na nikamsihi mara tatu asiache siku moja, aende hospitali kwanza. Alikuwa akinisikiliza kama mtu anayetafuta nilikoficha uongo. Sijui kama ataenda. Nilipoondoka alikuwa akijibonyeza mkono kwa kidole, akingoja kuona kitakachotokea.

Jumatano, 7 Mei

Afisa wa afya amefunga kile kibanda. Njoka yuko hospitalini. Alikwenda mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei

Mimi na Njeru tumekwenda Imenti kwa wazazi wa Nkirote. Baba yake, mzee Murungi, alituletea viti. Niliongea mimi. Sikusema "tulikosa" wala "kulitokea makosa". Nilisema nilimsingizia, nikamtaja mama akilia na mimi nikimkanusha mbele ya serikali.

Nkirote alisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Nitarudi," alisema, "mama anataka mtu. Lakini jina langu bado liko kwa kile kitabu. Kendi akitafuta kazi, mtu aseme mamake alipiga nyanyake. Utaenda ulitoe wewe, na mimi nitakuwa hapo nikiona."

"Nitaenda."

"Na usinishukuru ati nilileta zile kapsuli. Nilizibeba nikupeleke polisi."

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekwisha. Barabara imekauka, na mama alitaka kutembea mwenyewe hadi ofisi ya naibu wa chifu. Tulimwacha atembee, Nkirote upande mmoja, mimi mwingine, hakuna aliyemshika mkono.

Naibu wa chifu alitafuta ukurasa. Nilimwambia aufute.

"Kitabu cha serikali hakifutwi, Mwalimu. Naweza kuandika chini yake tu."

"Basi andika chini yake kwamba hakumgusa. Andika mama aliumizwa na dawa."

Aliandika. Kisha akainua kalamu. "Dawa haina miguu. Niandike ililetwa na nani?"

Mama alisema, "Hiyo haina haja."

Nkirote alikuwa akiitazama kalamu.

Nilitaja jina langu, majina yote matatu, na kwa kuwa alikosea la mwisho nikamwandikia herufi zake. Aligeuza kitabu nikatia sahihi. Nkirote akainama, akasoma mstari wote kwa kidole, tangu mwanzo hadi sahihi, polepole, kisha akanyooka.

"Mama, twende," akasema. "Saa ya vidonge imefika."